Mali bila daftari

Shangazi yangu alikuwa akiishi Ikwiriri, wilayani Rufiji. Mwaka 1999 alifiwa na mjukuu wake wa miaka miwili kwa homa. Majuma machache baada ya matanga, alikuja kijana mmoja mwenye daftari. Akakaribishwa mkekani, akatoa pole, kisha akaanza kuuliza. Mtoto alianza kuumwa siku gani? Alishikwa na degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Shangazi alijibu yote, na machozi yakimtoka. Kijana alipofunga daftari lake, shangazi naye akamwuliza swali moja tu: "Mwanangu, haya unayoyaandika yanakwenda wapi?"

Swali hilo alinisimulia mwenyewe, na nimekaa nalo miaka mingi. Leo nataka kulijibu, kwa sababu lile daftari lilikwenda mahali. Tena ndilo swali ambalo kila serikali inayotoa fedha za utafiti wa afya, iwe yetu au ya wenzetu, inapaswa kuulizwa na wananchi wake.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zingeweza kupunguza sana maradhi na vifo kwa kutumia kiasi cha dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha zielekezwe kwenye huduma zinazookoa watu wengi zaidi. Hayo yalikuwa maneno mazuri ya mezani. Lakini je, yangefanya kazi katika wilaya yenye barabara za mchanga na zahanati isiyo na dawa? Wizara ya Afya ya Tanzania ilishirikiana na IDRC, shirika la serikali ya Kanada linalogharimia utafiti, kulijaribu jambo hilo katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi huo uliitwa TEHIP, na kazi yake ilianza katikati ya miaka ya tisini.

Hapo ndipo anapoingia yule kijana wa daftari. Watu wengi vijijini walikuwa wakifia nyumbani, si hospitalini, na kwa hiyo vitabu vya hospitali havikuwa na habari zao. Ikabidi watu wahesabiwe majumbani. Kule Rufiji, wahesabuji walizipitia kaya mara tatu kwa mwaka, katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Waliandika nani kazaliwa, nani kahamia, nani kahama na nani kafariki. Palipotokea msiba, ndugu wa marehemu waliulizwa dalili za ugonjwa, na madaktari wakayasoma majibu hayo na kukadiria kilichomwua.

Ndugu msikilizaji, daftari hilo lilisema mambo mawili ambayo hakuna aliyeyatarajia.

La kwanza lilihusu fedha. Huko Morogoro, katika jumla ya miaka ya maisha ambayo watu waliipoteza kwa kufa mapema, malaria peke yake ilibeba kiasi cha asilimia 30. Lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996, malaria ilitengewa kiasi cha asilimia 5 tu. Hapo sisemi kwamba kuna mtu aliyekula fedha. Bajeti ilikuwa ikipangwa kwa mazoea: chukua ya mwaka jana, ongeza kidogo, fuata matakwa ya mfadhili. Maofisa wa wilaya walikuwa watu wachapakazi, ila walikuwa wakigawa chakula gizani, bila kuona nani ana njaa.

La pili lilihusu akina mama. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu ya ujinga wa wazazi. Kwamba mtoto akishikwa na degedege, mama hukimbilia kwa mganga wa kienyeji, na hospitali huletewa maiti. Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kuyasema hayo hadharani. Watafiti walipoyachambua majibu ya wafiwa wa Rufiji, walikuta kwamba karibu wanane katika kila kumi waliokufa kwa homa za namna hiyo walipelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Yaani mama alikuwa amekwisha kufanya lile alilofundishwa. Kilichomwangusha kilikuwa mbele yake: dawa isiyokuwapo, au dawa isiyofaa, au mhudumu asiyefundishwa.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa hao. Kwenye zahanati aliambiwa dawa zimekwisha, akaondoka na mtoto mgongoni. Hakuwahi kumlaumu mtu. Lakini alijilaumu mwenyewe mpaka mwisho wa maisha yake, kana kwamba ni yeye aliyechelewa.

Sasa yakaja matumizi ya elimu hiyo. Wakuu wa afya wa wilaya hizo mbili walipewa michoro myepesi inayoonyesha ni maradhi gani yanaua na fedha zinakwenda wapi. Walipewa pia nyongeza ya fedha, hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, na ruhusa ya kuamua wenyewe. Ajabu ni kwamba hawakuweza kuzitumia zote. Waliweza kutumia kiasi cha senti 80 za dola kwa mtu. Kwa fedha hizo waliwafunza wahudumu wa zahanati namna mpya ya kumchunguza mtoto mgonjwa, kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Walihimiza vyandarua, wakaimarisha usimamizi na mawasiliano ya redio kati ya vituo. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana takwimu tamu ina hatari yake. Vifo vya watoto vilikuwa vikipungua hata katika wilaya nyingine za nchi yetu wakati huo. Je, ni kiasi gani tuuhesabie mradi? Watafiti walilifuatia swali hilo. Walipima ile huduma mpya ya watoto kwa kuzilinganisha wilaya hizo mbili na jirani zake, Kilombero na Ulanga, kati ya mwaka 2000 na 2002. Safari hii tofauti ilikuwa asilimia 13, tena wenyewe wakaonya kwamba kwa hesabu zao tofauti ya kiasi hicho ingeweza kutokea kwa bahati tu. Wakaongeza kwamba wale majirani ndio waliokuwa na vyandarua vingi zaidi, na kwamba huduma mpya haikugharimu zaidi ya ile ya zamani.

Mwanasiasa angeichukua ile asilimia 40 akaipandisha jukwaani, na ile 13 akaiacha mezani. Mimi nadhani ile 13, pamoja na tahadhari zake, ndiyo inayotufanya tuwaamini waliohesabu. Mtu anayekuambia kipimo chake kinaishia wapi ni mtu wa kufanya naye biashara.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, serikali nyingi hupimaje mafanikio ya utafiti wa afya? Huuliza fedha zimetumika zote? Semina ngapi zimefanyika? Makala ngapi zimechapishwa katika majarida ya Ulaya? Makala ni jambo jema, maana ndimo wataalamu wanamokosoana. Lakini makala haimezwi na mtoto mwenye homa. Hata Uingereza, yenye vyuo vikongwe, iliona upungufu huo. Katika tathmini yake ya vyuo vikuu ya mwaka 2014, asilimia 20 ya alama ilitolewa kwa manufaa ya utafiti nje ya kuta za chuo, na mwaka 2021 ikawa asilimia 25.

Kuna jambo la mwisho, nalo linauma. Daftari lile lilinunuliwa na nani? Kwa sehemu kubwa, na walipa kodi wa Kanada. Tunawashukuru. Lakini anayenunua daftari ndiye mwenye sauti ya kwanza kuhusu kitakachoandikwa ndani yake. Mwaka 2006 kule Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kuelekeza asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Mwaka 2008 kule Bamako, mawaziri walitoa mwito wizara za afya zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti zao kwa utafiti. Ahadi hizo zimeandikwa na zina tarehe. Na Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, baadhi ya tafiti zilizokuwa zikiendelea barani Afrika zilikatika njiani, na watu waliokuwa wamejitolea kujaribiwa dawa wakabaki wakiuliza kulikoni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika jambo hili kufa si methali.

Sisemi tufukuze wafadhili. Nasema kila Bunge linapokaa kujadili bajeti, mbunge wako aulize mambo matatu. Kati ya fedha za utafiti wa afya, zetu wenyewe ni kiasi gani? Maswali yanayotafitiwa yametoka kwetu, au yamekuja na mfadhili? Na baada ya utafiti wa mwaka juzi, ni kitu gani kimebadilika katika zahanati, na nani amekihesabu? Akijibiwa kwa idadi ya semina, asiketi.

Shangazi amekwisha tangulia mbele ya haki. Kwa kadiri nijuavyo, hakuna aliyerudi Ikwiriri kumwambia kwamba jibu lake, pamoja na majibu ya wafiwa wenzake, liliwasafisha akina mama wa nchi nzima na lile shutuma la ujinga. Alistahili kuambiwa, tena pale pale mkekani. Kwangu mimi hicho nacho ni kipimo cha utafiti: matokeo yarudi kwa yule aliyetoa machozi yake yakaandikwa.