Hatari Iliyozoeleka



Binadamu huogopa upesi kile kinachomshtua. Basi likipinduka na kuua watu kumi, habari huenea nchi nzima siku ile ile. Lakini moshi unaoingia vifuani mwa watu kila siku haupigiwi mbiu, kwa sababu huua polepole, na kila anayekufa hufa peke yake kitandani mwake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano ulio wazi ni wa jiji la London. Tarehe 5 Desemba, 1952, upepo ulikoma, na hewa baridi ikanaswa chini ya tabaka la hewa yenye joto. Moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani ulikosa pa kutokea, ukachanganyika na ukungu. Kwa siku 5 mchana ulifanana na usiku, mabasi yalisimama, na onyesho moja la opera lilikatizwa kwa kuwa ukungu ulikuwa umeingia hadi ukumbini. Hata hivyo, hapakuwa na hofu kubwa. Wakazi wa jiji lile walikuwa wameuzoea ukungu tangu enzi za babu zao, wakauhesabu kuwa ni usumbufu wa njiani tu. Waliovuta macho mapema ni ng'ombe wa maonyesho ya mifugo, ambao baadhi yao walishindwa kupumua wakafa.

Kumbe watu nao walikuwa wakifa, hasa wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa kifua. Ukubwa wa msiba ulijulikana baada ya vifo kuhesabiwa, ikaonekana watu wapatao 4,000 wamekufa zaidi ya kawaida. Vifo viliendelea kuwa vingi kwa miezi kadhaa, na serikali ya wakati ule ikadai kuwa sababu ni mafua. Wataalamu waliozichunguza upya hesabu hizo miaka mingi baadaye walikadiria kuwa jumla yaweza kufikia 12,000.

Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Sheria hiyo ilipiga marufuku moshi katika maeneo maalum, na pia iliwalipia wenye nyumba sehemu kubwa ya gharama za kubadili majiko yao.

Moshi mweusi ulipotoweka, wengi waliamini kwamba hatari imekwisha. Haikuwa hivyo. Moshi wa magari una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu, zikaleta kiharusi, maradhi ya moyo na saratani. Desemba 2020, uchunguzi rasmi wa kifo uliofanyika London uliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo cha mtoto wa miaka 9, mgonjwa wa pumu, aliyeishi karibu na barabara kuu na kufariki mwaka 2013.

Somo hilo linaihusu Tanzania pia. Mijini, familia nyingi zingali zinapikia mkaa, na mama anayekohoa jikoni husema ni moshi tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafu wa hewa, wa nje na wa majumbani, huua watu wapatao milioni 7 duniani kila mwaka. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Lengo hilo ni jema, lakini halitatimizwa kwa kumlaumu mama huyo kuwa hajui. Yeye hununua mkaa wa kopo kwa sababu fedha za mtungi wa gesi hazipatikani kwa siku moja. Elimu peke yake haijazi mtungi. Viongozi wanapaswa kuhakikisha kwamba nishati safi inalingana na mfuko wa mwananchi wa kipato cha chini, na kwamba hewa ya miji inapimwa kwa vyombo na matokeo yake kutangazwa, kwa maana hatari iliyozoeleka haionekani mpaka ihesabiwe.