KOROSHO YENYE UNYEVU TUNAIKATAA, NYUMBA YENYE UNYEVU TUNAILIPIA

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Lupaso)



Nimepewa nafasi niseme habari ya nyumba za kupanga. Mtu atauliza, nyumba inaingiaje kwenye ushirika wa korosho? Inaingia. Humu wamo wenye nyumba na wamo wapangaji, na wengine wamewapangia watoto wao vyumba Masasi mjini ili wasome. Kila mvua zikianza maneno ni yale yale: ukuta umelowa, godoro linanuka, mtoto anakohoa, na mwenye nyumba anasema, "Mvua zikikatika utakauka."

Hebu tujiulize. Mkulima akileta korosho, hatuipokei kwa mdomo. Inapimwa uzito, inaangaliwa ubora, inaangaliwa unyevu. Ikiwa na unyevu anaambiwa rudi ukaianike. Ikipokelewa anaandikiwa karatasi. Mtindo huu wa stakabadhi ghalani tumekuwa nao tangu mwaka 2007. Lakini mtu huyo huyo akienda kupanga nyumba, anatazama mlango na dirisha, anahesabu kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, anaitoa, basi. Hakuna aliyeutazama ukuta, hakuna karatasi. Ukuta ukianza kulowa mwezi wa kwanza, fedha zimeshaliwa. Mpangaji ana nini tena cha kushika?

Neno langu la leo ni hilo: ukuta ukaguliwe na yaandikwe kabla fedha haijatoka mkononi.

Kwanza, tujue maji yanatoka wapi, maana watu wanagombana bila kujua ugonjwa. Maji huingia kwa njia tatu. Yanatoka juu: bati limetoboka, msumari umelegea, kofia ya paa imeinuka. Doa lake huanzia darini likashuka. Yanatoka ubavuni: upenu ni mfupi, mvua inapiga ukuta, au uwanja umeinama kuelekea nyumbani. Na wenzetu wa kule juu Newala, ambako maji ni ya shida na watu huvuna ya mvua kwenye visima vilivyochimbwa jirani na nyumba, watazame kama kisima kina ufa. Njia ya tatu ni chini: msingi umejengwa bila kizuizi cha maji, tofali linanyonya kutoka ardhini. Hapo utaona unga mweupe kama chumvi na lipu inabanduka karibu na sakafu.

Chukua mkaa, piga mstari pale unyevu ulipoishia, andika tarehe pembeni. Baada ya mvua nyingine piga mstari wa pili. Ukuta wenyewe utakuwa shahidi.

Na jamani, tusidanganyane kwa lipu ya saruji. Ukipiga lipu juu ya tofali la udongo lililolowa hujalikausha, umelifunika. Maji yanabaki ndani, na mvua za mwakani lipu inaanguka pamoja na udongo. Anza na mfereji wa kuondoa maji, na bati, na upenu. Mfereji unataka jembe na siku moja ya kazi.

Pili, jambo hili si la kudekezana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba huongeza maradhi ya kifua na pumu. Na wengi wetu tunalala chumba kimoja na magunia. Mahindi na karanga zikikaa kwenye sakafu yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mpangaji anayelalamika si mtu wa maneno mengi. Anatetea chakula na mapafu ya wanawe.

Tatu, sheria. Wazee wanaikumbuka Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984. Ile ilifutwa mwaka 2005, asije mtu akakutuma kuitafuta. Iliyopo ni Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyotungwa wakati hayati Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa hapa hapa Lupaso, akiwa Rais. Sheria hiyo inamtaka anayepangisha nyumba au chumba cha kuishi ahakikishe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kibaki hivyo muda wote wa upangaji. Na aliyepangisha sehemu tu ya nyumba, paa na kuta za nje ni juu yake. Kwa hiyo "kama hupendi hama" si jibu la kisheria.

Mwenye nyumba akikataa ufanyeje? Usiache kulipa kodi kimya kimya, maana hapo wewe ndiye utakayeshtakiwa. Mwambie kwa adabu, mbele ya mtu. Asipofanya, mwandikie barua, taja tarehe, ubaki na nakala. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, halafu Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Likishindwa kuwapatanisha, lipo Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila mapatano, unaweza kupeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini huko kuna nauli, na kuna siku za kazi zinazopotea. Ndiyo maana nasema karatasi ya mwanzo ni rahisi kuliko kesi.

Sasa nawageukia ndugu zangu wenye nyumba. Najua saruji ni ghali, na najua mnasubiri mnada. Basi semeni hivyo, mpange tarehe. Fedha za korosho huanza kuonekana Oktoba, mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Katikati hapo fundi anapatikana na udongo ni mkavu. Ukikataa, mpangaji atahama na kodi yake, wewe utabaki na nyumba inayoyeyuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mpangaji mwenyewe ni nani? Ni mwalimu wa watoto wetu, ni muuguzi wa zahanati. Akiomba uhamisho kwa sababu ya ukuta wako, hasara si yako peke yako.

Naomba mkutano ukubali karatasi hii ibandikwe ukutani, kila mtu ainakili kabla ya kulipa au kupokea kodi:

"Leo tarehe ......, mimi ...... mwenye nyumba na mimi ...... mpangaji tumekagua nyumba iliyoko kitongoji cha ....... Tumeona: bati ......, kuta ......, msingi ......, mfereji ....... Mwenye nyumba atatengeneza ...... kabla ya tarehe ....... Asipotengeneza, mpangaji atatengeneza kwa gharama isiyozidi shilingi ......, na fedha hiyo itapunguzwa kwenye kodi inayofuata. Sahihi zetu, na za mashahidi wawili."

Asiyejua kuandika aje ofisini kwetu, ataandikiwa bure.