NDEGE WAGENI WA MIDA



Mwezi wa Aprili, kusi ikianza kuvuma, nendeni Mida karibu na Watamu wakati wa maji kupwa. Matopeni mbele ya mikoko mtamwona ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo hukaa kwetu msimu wa kaskazi, kisha huenda pwani za Arabuni na Ghuba, huchimba shimo mchangani, akataga kwa kawaida yai moja tu. Mwenye yai moja hana akiba. Mida imo katika hifadhi iliyowekwa mwaka 1968. Hata hivyo mikoko ikikatwa kaa hupungua, naye hukosa nguvu ya safari. Sisi tuandikao hesabu za watu kila siku, yatupasa kuwahesabu na hao. Chukueni daftari, andikeni tarehe na idadi.