Si Lengelenge Tu: Kutunza Miguu Katika Njia za Mlima

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Taita)

 

Mlipokuwa mnaingia nilikuwa nimesimama pale mlangoni, na kusema kweli sikuwa naangalia nyuso. Nilikuwa naangalia miguu. Nimeona viatu vilivyokanyagwa nyuma vikawa kama ndara. Nimeona mama amebeba viatu mkononi, na mzee mmoja amefunga kidole kwa kipande cha leso. Kila niliyemwuliza aliniambia, "Si kitu, ni lengelenge tu." Basi leo tuongee juu ya hilo neno "tu".

Msimu mmoja wa mvua mwanachama wa kikundi fulani, sitamtaja, alishuka Mwatate na mzigo wa maharagwe. Alikuwa amevaa viatu vipya vya plastiki. Kabla hajafika sokoni kisigino kilikuwa kimetoa lengelenge. Akalitoboa kwa mwiba, akavua viatu, akapanda kurudi nyumbani pekupeku ndani ya matope. Siku ya nne mguu ulikuwa umefura hadi kifundoni. Wiki tatu hakushika jembe, na wenzake wote walikuwa wanapanda mbegu. Alikosa mikutano miwili, kikundi kikamtoza faini. Na aliyesimama akasema sheria ni sheria alikuwa ni mimi. Nilipoenda kumtembelea nikauona ule mguu, niliona haya. Faini tulimrudishia, lakini shamba lake lilikuwa limeshapitwa na mvua.

Sasa, kwa nini sisi wa milimani tunaumia hivi? Kilele chetu cha Vuria kina mita 2,208, na Mwatate iko chini ya mita 1,000. Gari linazunguka kwa kona, lakini sisi tunakata moja kwa moja kwa vijia. Unapopanda, kisigino kinainuka ndani ya kiatu kila hatua, kinasuguliwa. Unaposhuka, mguu wote unateleza mbele, vidole vinagonga ncha ya kiatu, na mzigo wa kichwani au mgongoni unazidi kuvisukuma. Ndiyo sababu kucha za vidole vikubwa zinakuwa nyeusi baada ya safari.

Lengelenge lenyewe halitokani na kuchunwa kwa juu, kama wengi wanavyofikiri. Ngozi inashikwa na soksi au kiatu, na mfupa wa ndani unaendelea kwenda. Ngozi inavutwa huku na huku mpaka tabaka zake zinaachana, na hapo katikati maji yanajaa. Ngozi iliyolowa inashikwa zaidi kuliko kavu. Kwa hiyo adui zetu ni kiatu kibaya, unyevu, na mchanga ulioingia ndani.

Tuanze na kiatu. Kinunue mchana au jioni, kwa maana baada ya kutembea mguu huwa umepanuka kidogo. Kijaribu ukiwa na soksi zile utakazovaa. Simama, uone kama mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya upana wa kidole gumba. Ingiza mkono ndani upapase, msumari na mshono uliovimba utausikia kwa vidole. Viatu vya mitumba si vibaya, lakini vimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Na kiatu kipya, ndugu zangu, hakiendi sokoni siku ya kwanza. Kivae ukienda kisimani, ukienda kwa jirani, mpaka kilainike.

Kama kina kamba, kabla ya kushuka simama uzikaze pale juu karibu na kifundo, kisigino kikae nyuma na vidole visifike mbele. Ni kazi ya dakika moja, na mimi naona inasaidia kuliko yote nitakayosema leo. Gambuti halina kamba, na mguu unaogelea ndani, kwa hiyo livalie soksi nene. Akala inapitisha hewa vizuri, ila kagua ukanda wake. Kama umekata ngozi mahali, ulainishe kwa mafuta au uuzungushie kitambaa.

Soksi za pamba zikilowa hazikauki upesi. Za sufu au nailoni ni afadhali, na jozi ya pili kavu haina uzito katika kikapu. Kucha zikate siku chache kabla ya safari, sawasawa, bila kuchimba pembeni. Kama unajua mahali panapokuumiza kila mara, pabandike plasta ya kitambaa asubuhi kabla ya kutoka, mguu ukiwa mkavu, na isiwe na mikunjo. Mafuta ya kujipaka pia yanasaidia, lakini yakiisha msuguano unarudi, basi uyapake tena njiani.

Ukishuka, piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, na pale penye mwinamo mkali pita kwa kukata pembeni badala ya kunyooka. Fimbo si ya wazee peke yao. Vijana mnacheka, lakini nimewaona mkishika miti ya watu pale kwenye utelezi!

Halafu kuna jambo ambalo ni gumu kwetu, nalo ni kusimama. Kabla lengelenge halijatoka, mahali pale panachoma kama pameguswa na chai moto. Simama hapo hapo. Tua mzigo, vua kiatu, kung'uta mchanga, kausha mguu, bandika plasta. Sisi tunasema, "Acha nifike kwanza," kwa sababu wenzetu wanatangulia. Basi ninyi mnaotangulia, ngojeni.

Na likishatoka? Likiwa dogo liache, lifunike kwa kitambaa safi. Ngozi ile ndiyo bandeji bora. Likiwa kubwa na linauma hata huwezi kukanyaga, nawa mikono kwa sabuni, osha mahali pale, chukua sindano iliyochemshwa au kupanguswa kwa spiriti, utoboe pembeni, ukamue maji polepole. Ngozi ya juu usiing'oe. Funika, na ubadilishe kitambaa kila siku. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa, hapana kabisa.

Mwenye ugonjwa wa sukari asitoboe chochote. Mara nyingi miguu yake haisikii maumivu, kwa hiyo aitazame kila jioni, hata nyayo, na akiona kidonda aende zahanati. Wengine pia mwende mkiona wekundu unasambaa, usaha, homa, au mguu unafura. Mwulizeni mhudumu habari ya sindano ya pepopunda, hasa kama kidonda kimekanyaga udongo na samadi.

Basi nimesema vya kutosha. Tutoke nje, kuna mteremko pale nyuma ya jengo, kila mmoja akaze kamba zake ashuke tumwone. Wewe mzee mwenye kitambaa cha leso, usitoke kwanza. Kuna maji ya moto na sabuni hapa, nataka nikione hicho kidole.