Kiungio cha Mwanga Mbele ya Meza ya Forodha

(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa umma na walimu wa Unguja)



Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, imelichukua jina lake katika forodha. Zama hizo kazi ya karani ilikuwa nyepesi: kwa mkataba wa 1839 baina ya Seyyid Said na Uingereza, bidhaa za Kiingereza zilizoingia zilitozwa asilimia 5, ziwe nguo au shanga.

Leo katika bandari ya Malindi huteremshwa kitu kidogo kuliko kidole: kiungio cha nyuzi za mwanga, zile nyuzi za kioo zipitishazo simu na intaneti. Mwili wake aghalabu ni plastiki na ncha yake kauri. Je, kiandikwe plastiki, kauri, au chombo cha macho? Jawabu lina uzito, kwani Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki tangu Julai 2022 una viwango vikuu vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Likikosewa fungu, skuli hulipa isichodaiwa, au Hazina hukosa haki yake.

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, uliotiwa sahihi Brussels mwaka 1983, ulikipa kifaa hiki namba yake, 8536.70, katika marekebisho ya 2007. Yastaajabisha kidogo: fungu la 8536 ni la swichi, fyuzi na soketi, hali kiungio hiki hakihitaji umeme hata chembe. Watungaji walitazama kazi, si mada. Kazi yenyewe ni kuzilinganisha nyuzi ncha kwa ncha, basi. Kikiongeza nguvu ya mwanga au kuubadili, kwa sheria si kiungio tena.

Hapa ndipo penye mtego. Waya ulioletwa tayari umefungwa viungio hauhesabiwi kiungio. Ikiwa kila uzi una ala yake, ni 8544.70, ikiwa hauna, hutazamwa 9001.10. Kwa hiyo ankara isemayo “vifaa vya mtandao” haimfai ofisa yeyote, hata awe hodari namna gani.

Forodha ni jambo la Muungano. Ofisa wa Unguja na wa Dar es Salaam husoma kitabu kimoja. Asiyeridhika ana siku 30, kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kumwomba Kamishna auangalie upya uamuzi. Lakini mnunuzi mwangalifu huomba uamuzi kabla mzigo haujapakiwa, akiambatisha maelezo ya mtengenezaji.