Kabla Hatujapanda Mashua

Mwezi ujao twaenda Lamu na Pate, na sisi watu wa majani chai tumezoea kuteleza matopeni tu, si mawimbi.

Kwanza maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mkanda, njia ya kwenda Pate, una maji machache. Yakipwa, chombo hukwama. Kwa hiyo nahodha akisema tung'oe nanga saa 10 alfajiri, usimwambie habari ya chai!

Halafu kichefuchefu. Safari iliyopita mimi nilishindilia mahamri, kisha nikainama kupekua mfuko. Ee, nilitapika mpaka Pate! Kula kidogo, lakini usiende na tumbo tupu. Kaa katikati ya chombo, tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Tafuna tangawizi. Vidonge humezwa kabla ya kuondoka, si ukishaanza kutapika. Mama mjamzito amwulize daktari kwanza. Anayetapika ainamie upande upepo unakoelekea, na mwenzake amshike kiunoni asije akatumbukia.