Boga Chungu Lisiliwe

Tunawapongeza mnaootesha nyumbani maboga ya aina ngeni. Tunawasihi, hata hivyo, muyaonje kabla ya kuyapika. Boga la chakula likichavushwa na boga la mapambo, ladha yake haibadiliki. Lakini mbegu zake zaweza kuzaa maboga machungu msimu unaofuata. Uchungu huo ni sumu iitwayo kukabitasini. Moto hauiondoi, tui la nazi na sukari huificha tu. Mwaka 2015, nchini Ujerumani, mzee mmoja alifariki baada ya kula zukini chungu, boga changa alilopewa na jirani.

Basi, kateni kipande kidogo kibichi, mkiguse kwa ulimi. Kikiwa kichungu, temeni, mlitupe boga zima. Wala msimgawie jirani.